Kukodi gari la mizigo: njia nne za waanzilishi, na ipi inakufaa

Mfanyabiashara mwenye mzigo wa kila siku lakini asiye na gari lake hukutana na swali lile lile lililowakuta wenye maduka wa London na Chicago zaidi ya miaka 100 iliyopita: akodi gari pamoja na dereva wake, achukue gari na kuliendesha mwenyewe, aingie mkataba wa miaka kadhaa, au anunue sehemu na kukodi sehemu? Njia zote nne zilikwisha kujaribiwa kabla ya Vita vya Pili vya Dunia, na kampuni zilizozijaribu zimeacha historia inayotosha kuzilinganisha. Katika makala haya nazipima kwa swali moja, ambalo mwenye kukodi hapaswi kuondoka mezani kabla hajalipatia jibu: gari linapolala, iwe kwa ubovu au kwa kukosa mzigo, hasara ni ya nani? Bei ya siku, ambayo ndiyo watu huiuliza kwanza, hupangwa kutokana na jibu la swali hilo.

Kampuni nilizozichagua ni Thomas Tilling ya London, Saunders ya Omaha pamoja na ile ya Chicago ambayo baadaye iliitwa Hertz, Ryder ya Miami, na kampuni ya umeme ya Hartford katika jimbo la Connecticut. Si zote zilizoanza na magari ya mizigo yenye injini. Tilling alianza na farasi, na Saunders alianza na gari la abiria. Hata hivyo, kila moja ni mfano ulio wazi wa aina yake ya makubaliano, na makubaliano hayo ndiyo tunayoyalinganisha.

Tilling: gari pamoja na mtu wake

Thomas Tilling aliingia katika biashara mwaka 1846 kusini mwa London akiwa na farasi mmoja tu, jike wa kijivu aliyeitwa Rainbow. Kazi yake ilikuwa kukodisha farasi na magari ya kukokotwa kwa watu waliohitaji usafiri lakini hawakutaka shida za zizi. Mwaka 1850 alinunua basi lake la kwanza la farasi, lililotoka Peckham kwenda Oxford Circus, na kuanzia hapo jina lake likajulikana zaidi kwa mabasi kuliko kwa kukodisha. Lakini ukodishaji haukukoma. Alipofariki mwaka 1893 kampuni ilikuwa na farasi kwa maelfu, na miongoni mwa wateja wake walikuwamo watu wa zimamoto, ambao magari yao ya maji yalivutwa na farasi waliotolewa na Tilling.

Mteja wa namna hiyo anatusaidia kuelewa njia nzima. Kikosi cha zimamoto hakiwezi kuambiwa kwamba farasi amechechemea leo, kwa hiyo kirudi kesho. Kilichokodiwa kilikuwa ni uhakika wa kuwapo kwa nguvu ya kuvuta saa yoyote, na mnyama mwenyewe angeweza kubadilishwa na mwingine bila mteja kupoteza kitu. Farasi akiugua, akivunjika kwato au akizeeka, mzigo huo ulikuwa wa mwenye zizi. Ndiyo maana mwenye zizi alilazimika kuwa na farasi wa akiba, na farasi wa akiba hula nyasi na shayiri hata siku ambayo hakuvuta chochote. Gharama ya chakula hicho iliingizwa katika bei za wateja wote. Anayesema leo kwamba kukodi gari na dereva kwa mwaka ni ghali anasema kweli, ila analipia pia gari la pili ambalo halioni, lililoegeshwa likisubiri la kwanza liharibike. Iwapo mwenye gari hana gari hilo la pili, basi mteja anatozwa bei ya akiba isiyokuwapo, na hapo ndipo watu wengi huibiwa bila kujua.

Injini ilipokuja, msingi huo haukubadilika, ingawa kila kitu kingine kilibadilika. Sheria ya Uingereza iliyoanza kutumika tarehe 14 Novemba 1896 iliyatoa magari mepesi yenye injini katika kikomo cha zamani cha maili 4 kwa saa, ikaruhusu hadi maili 14, ambazo kanuni zilizifanya kuwa 12. Kanuni za 1904 kuhusu magari mazito zikapandisha uzito unaoruhusiwa wa gari tupu kutoka tani 3 hadi tani 5, jambo lililomhusu mwenye mizigo kuliko hata lile la mwendo. Mwaka huo huo wa 1904 Tilling wakaweka barabarani basi lao la kwanza la injini, lililotengenezwa na Milnes-Daimler.

Tatizo lililojitokeza upesi lilikuwa la dereva. Watu waliokuwa wamezoea kushika hatamu kwa miaka 20 walikabidhiwa gia za wakati ule, ambazo zilihitaji kulinganisha mwendo wa injini na mwendo wa magurudumu kwa sikio na kwa mguu, na kila kosa lilisaga meno ya chuma. Mhandisi wa Tilling, Percy Frost-Smith, alilitatua kwa kuiondoa gia yenyewe. Injini ya petroli ilizungusha dainamo, dainamo ikatoa umeme kwa mota, na mota ndiyo iliyozungusha magurudumu ya nyuma, hivyo dereva hakuwa na gia ya kuisaga. Kwa kushirikiana na kiwanda cha Stevens cha Maidstone, kampuni ilitoa basi la namna hiyo lililoitwa TTA1 mwaka 1911, na jina la Tilling-Stevens likaenea pia kwenye malori.

Nimelieleza hilo kwa kirefu kwa sababu linaonyesha faida ambayo mteja wa njia hii huipata bila kuiona kwenye mkataba. Mwenye gari anapokuwa ndiye mwajiri wa dereva, kila gia iliyosagwa hurudi kwenye gereji yake mwenyewe na kulipiwa kutoka mfuko wake, na kwa hiyo ana sababu ya kumfundisha dereva au hata kubadili mtambo. Mteja hana haja ya kujua lolote kuhusu gia. Upande wa pili wa jambo hilo ni kwamba dereva humtii anayemlipa mshahara. Mwenye duka anayetaka gari lisubiri nusu saa zaidi kwenye ghala la mteja muhimu, au lipitie kwa fundi wa oveni likirudi, atasikia kwamba bosi hajaruhusu.

Njia hii inaweza kubeba kazi kubwa. Posta ya Uingereza iliwategemea makandarasi kwa miongo mingi kubeba mifuko ya barua, na mmoja wao aliyejulikana sana London alikuwa McNamara, ambaye alianza na farasi na kuhamia kwenye magari ya injini huku mteja akibaki yule yule. Mwaka 1919 Posta ilianza kuwa na magari yake yenyewe. Nitalirudia jambo hilo mwishoni, kwa kuwa linahusu wakati wa kuacha kukodi.

Saunders na Jacobs: mita kwenye gurudumu

Mwaka 1916, mjini Omaha katika jimbo la Nebraska, Joe Saunders alianza kukodisha gari la Ford Model T kwa watu waliotaka kuendesha wenyewe. Swali lake la kwanza lilikuwa namna ya kujua mteja amelitumia gari kiasi gani, na jibu lake lilikuwa kifaa cha kuhesabu maili kilichofungwa kwenye gurudumu la mbele la kushoto. Kila maili ilitozwa senti 10. Miaka kumi baadaye jina la Saunders lilikuwa katika miji 56 ya Marekani, na mwaka 1955 mfumo huo uliuzwa kwa Avis.

Huko Chicago, mwezi Septemba 1918, kijana wa miaka 22 aitwaye Walter Jacobs alifungua biashara kama hiyo kwa Model T 12 ambazo alizitengeneza na kuzipaka rangi mwenyewe. Katika muda wa miaka mitano mapato yake yalifikia takriban dola milioni 1 kwa mwaka, na mwaka 1923 akamuuzia John Hertz, mwenye teksi za Yellow Cab na kiwanda cha magari. Mwaka 1926 General Motors wakaichukua.

Si bahati kwamba wote wawili walianza na Model T. Gari hilo lilibadilishwa mwendo kwa kukanyaga pedali, bila ile kazi ya kulinganisha meno iliyowatesa madereva wa Tilling, na vipuri vyake vilikuwa rahisi na vilipatikana kila mahali. Tilling angeweza kumfundisha dereva. Saunders hakumjua mteja wa kesho ni nani, kwa hiyo alihitaji gari ambalo mgeni asingeweza kuliharibu kwa urahisi. Anayekodi gari la kujiendesha leo angefanya vyema kufuata hisia hiyo hiyo: gari la kawaida ambalo kila fundi wa mtaani analijua na spea zake ziko duka la karibu linamfaa kuliko gari jipya la aina ya ajabu, hata kama la pili ni zuri zaidi machoni.

Hebu tutumie bei ya Saunders katika hesabu. Mwaka 1917 Ford walianza kuuza Model TT, chasisi ya gari la mizigo la tani 1, kwa dola 600, ikiwa haina kibanda cha dereva wala bodi ya mizigo. Mnunuzi alitafuta seremala au kiwanda cha kumjengea. Kwa senti 10 kwa maili, dola 600 ni maili 6,000. Mwenye duka aliyetembea maili 20 kila siku kwa siku 300 za kazi angemaliza bei ya chasisi ndani ya mwaka mmoja wa kukodi. Bila shaka chasisi si gari kamili, na mwenye gari ana tairi, fundi, kodi na banda la kulaza gari, vitu ambavyo mwenye kukodi havimsumbui. Gari la abiria la Saunders pia halikuwa lori. Lakini uwiano wenyewe unaeleweka: aliyetembea maili 20 siku mbili kwa wiki angehitaji takriban miaka mitatu kufika dola 600, na katika muda huo mahitaji yake yangeweza kubadilika mara kadhaa. Malipo ya maili yanampenda mwenye mzigo wa kuokoteza na kumwadhibu mwenye mzigo wa kudumu.

Jambo ambalo msomaji wa Dar es Salaam au Mombasa anapaswa kuliangalia ni tofauti kati ya mita ya Saunders na hesabu ya siku tunayoizoea. Kwenye hesabu, dereva humpelekea tajiri kiasi kilichopangwa kila jioni, na kinachobaki ni chake. Siku ikiwa mbaya, dereva ndiye anayelala na njaa, na tajiri hupata kile kile. Kwenye mita ni kinyume: gari lisipotembea, Saunders hakupata senti. Mikataba yote miwili huitwa kukodi, na kwa mtu anayeangalia bei tu yaweza kuonekana karibu sawa kwa siku ya wastani, ilhali siku ya mvua kubwa inatenganisha mfuko wa mmoja na wa mwingine kabisa.

Udhaifu wa njia ya mita uko kwenye mita yenyewe na kwenye kile ambacho mita haikioni. Kifaa cha gurudumuni kilihesabu maili, lakini hakikujua gari lilibeba kilo ngapi wala barabara ilikuwa ya namna gani. Maili 50 za mifuko ya saruji kwenye barabara ya vumbi na maili 50 za mikate kwenye lami zinatozwa sawa, ingawa springi haziumii sawa. Mwenye gari mwerevu hujikinga kwa kuongeza vifungu: kikomo cha uzito, maeneo yasiyoruhusiwa, amana inayokatwa. Mkodishwaji anayesoma bei ya kilometa peke yake na kuviruka vifungu hivyo hajaisoma bei. Na gari likizima njiani, mwenye gari atalitengeneza, lakini siku ya mauzo imeshapotea, na dereva ni mteja mwenyewe ambaye sasa amekaa kando ya barabara na samaki wanaoanza kunuka.

Kuuzwa kwa biashara ya Jacobs kwa mtu mwenye kiwanda, kisha kwa General Motors, nako kuna funzo la kibiashara. Kampuni ya kukodisha inayomilikiwa na mtengenezaji wa magari ni pia njia ya kuyauza magari hayo, kwani magari yaliyokodishwa huondolewa mapema na kuuzwa yakiwa bado yana umri. Kwa mteja hilo ni jema kwa kuwa anapata gari lisilochakaa. Inafaa kuuliza magari ya kampuni huondolewa yakiwa na umri gani na huuzwa kwa nani. Jibu husema mengi kuhusu hali ya gari utakalopewa kuliko tangazo.

Ryder: mkataba mrefu bila dereva

Jim Ryder alianza Miami mwaka 1933, katikati ya ugumu wa uchumi, kwa lori moja la Ford Model A alilolipia dola 35 za awali, akibeba zege kwenye maeneo ya ujenzi. Kwa hiyo yeye alianza kama mbeba mizigo, si kama mkodishaji. Mwaka 1938 msambazaji wa bia ya Champagne Velvet mjini humo alikubali kukodi kwake malori matano kwa mkataba, na kuanzia hapo biashara ikageuka.

Njia hii iko katikati ya mbili zilizotangulia. Madereva na ratiba ni vya mteja, kwa hiyo lori litasubiri nusu saa mteja akitaka. Matunzo ni ya mwenye lori, kwa hiyo mteja hana gereji wala fundi. Ubovu ni hasara ya mwenye lori. Kukosa mzigo ni hasara ya mteja, maana mwezi unapoisha malipo yanadaiwa hata kama malori yalisimama uani wiki nzima. Biashara ya bia inafaa sana kwa mpango huo. Wateja ni wale wale, njia ni zile zile, kreti tupu lazima zirudi, na msambazaji anajua mwezi Januari atahitaji malori mangapi mwezi Mei. Aliye na biashara isiyotabirika asikaribie mkataba wa miaka mitatu, hata akipewa bei ya kuvutia.

Tatizo ambalo sioni watu wakilizungumzia vya kutosha ni la dereva wa mteja kwenye gari la mwingine. Tilling aliona kosa la dereva na kulipa gharama yake mwenyewe. Hapa anayelipa ufundi hamwajiri dereva, na anayemwajiri dereva halipi ufundi, hivyo kila klachi iliyoungua huzaa mabishano kama ni uchakavu wa kawaida au ni matumizi mabaya. Mkataba unaofaa huandika jambo hilo mapema na kwa maneno ya kifundi yanayoeleweka: klachi, breki na tairi zinahesabiwa zimechakaa kwa kawaida baada ya kilometa ngapi, na nani anaamua. Pasipo kifungu hicho, gari litalala uani kwa wiki mbili huku pande zote mbili zikiandikiana barua.

Hartford: gari lako, betri ya kwao

Njia ya nne ni ya kale kuliko ya Ryder lakini inaonekana mpya kuliko zote. Malori ya umeme yalikuwa mengi katika miji ya Marekani kabla ya Vita vya Kwanza, na tatizo lake lilikuwa betri: ghali, nzito, ilichukua saa nyingi kuchaji, na mnunuzi hakujua itakufa lini. Kampuni ya umeme ya Hartford ikaja na mpango wa kuligawa gari. Mteja alinunua lori la General Vehicle bila betri. Betri ilibaki mali ya kampuni ya umeme, ambayo iliibadilisha iliyoisha kwa iliyojaa, na mteja akalipa ada ya kila mwezi kwa matunzo na kuhifadhi gari, pamoja na malipo yaliyotegemea maili alizotembea. Huduma hiyo iliendelea hadi mwaka 1924, na malori yake yalitembea zaidi ya maili milioni 6.

Uzuri wake ni kwamba hatari imegawanywa kwa kadiri ya ujuzi. Mwenye duka analielewa bodi, magurudumu na kibanda, na fundi wa kawaida anaweza kuvitengeneza. Hivyo vikawa vyake. Betri hakuielewa, na kampuni ya umeme iliielewa kuliko mtu yeyote mjini, tena ilikuwa na umeme wa usiku usio na mnunuzi. Kila upande ukabeba kile unachokimudu. Gari likikosa mzigo, mteja alipoteza ada ya mwezi tu, kwa kuwa sehemu ya maili haikuhesabiwa. Bodi ikivunjika, hasara ni yake yote.

Hasara yake ni kufungwa. Lori lisilo na betri ni la mji mmoja na la kampuni moja, na mwenye nalo hawezi kulipeleka kwingine wala kuliuza kwa bei nzuri kampuni hiyo ikifunga mlango. Anayefikiri hilo haliwezi kutokea aitazame Electric Vehicle Company ya New York. Mizizi yake ilikuwa teksi 12 za umeme zilizoanza kazi Manhattan mwaka 1897, zikikodishwa badala ya kuuzwa, na kubadilishiwa betri katika kituo maalumu kwa mitambo. Wakubwa wa fedha waliingia, mipango ya maelfu ya magari ikatangazwa katika miji kadhaa, na mwaka 1907 kampuni ikafilisika. Leo pikipiki za umeme za Kigali na Nairobi zinazobadilishiwa betri vituoni zinaendeshwa kwa fikra hiyo ya Hartford, na mwenye kuinunua pikipiki ya namna hiyo kwa kazi ya kusambaza mizigo midogo anapaswa kuuliza: kampuni hii ikifunga, je, betri ya mwingine inaingia?

Uchaguzi wenyewe

Kwa anayeanza na hajui mzigo wake utakuwa kiasi gani, malipo ya kilometa ndiyo salama, hata yakiwa ghali kwa kila kilometa. Miezi ya mwanzo humpa pia kitu ambacho hakiuzwi: rekodi ya kilometa, uzito na siku ambazo hakukuwa na mzigo. Bila rekodi hiyo hakuna njia nyingine kati ya hizi inayoweza kupimwa kwa akili, na ningemshauri aiandike kwenye daftari tangu siku ya kwanza, hata kama kampuni ina mita yake.

Kwa mwenye oveni ya mikate, maji ya chupa au maziwa, yaani mwenye mzigo unaotoka kila alfajiri bila kukosa, uchaguzi ni kati ya Tilling na Ryder. Hapa naegemea upande wa Tilling kwa mwenye gari moja au mawili, kwa sababu dereva asipofika asubuhi mwenye kampuni ana mwingine, ilhali mteja mdogo hana. Anayekuwa na madereva wanne au watano wake mwenyewe anaweza kumudu pengo la mmoja, na hapo mkataba wa Ryder unaanza kuwa na nafuu. Ila katika vyote viwili kifungu cha gari la akiba kiandikwe kwa saa: likizima, lingine lifike ndani ya saa ngapi, na malipo ya siku yapungue kiasi gani lisipofika. Kabla ya kutia sahihi, aende kwenye uwanja wa kampuni saa nne asubuhi siku ya kazi na kuhesabu magari mazima yaliyoegeshwa. Uwanja mtupu saa hiyo unaonyesha biashara nzuri ya mwenye magari na hatari kwa mteja.

Njia ya Hartford ningeipendekeza tu mahali penye vituo vya kutosha ndani ya mzunguko wa kazi wa mteja, na kwa bei ya gari ambayo yuko tayari kuipoteza.

Kuna pia mambo ambayo mkataba wowote wa kale haukuyazuia. Martin Sixt, aliyeanza kukodisha magari Munich mwaka 1912 akiwa na magari matatu, alichukuliwa magari yake na jeshi vita vilipoanza mwaka 1914. Vita hivyo vilipokwisha, Uingereza ilibaki na malori ya jeshi yaliyorundikwa Slough, ambayo mwaka 1920 yaliuzwa kwa wawekezaji pamoja na uwanja wake kwa zaidi ya pauni milioni 7, kisha yakatengenezwa na kuuzwa kwa watu. Aliyekuwa amefungwa kwenye mkataba mrefu wa kukodi mwaka ule alimwona jirani yake akinunua lori la mkono wa pili kwa bei ambayo yeye hakuitazamia. Kifungu cha kuvunja mkataba kwa taarifa ya miezi mitatu kina thamani yake wakati kama huo, na inafaa kukilipia kidogo.

Kuhusu kuacha kukodi kabisa, Posta ya Uingereza ilichukua hatua hiyo mwaka 1919 ikiwa na mzigo usiopungua, njia zisizobadilika na uwezo wa kujenga gereji zake. Duka la Harrods la London lilifika mbali zaidi: baada ya kutumia magari ya umeme ya Walker kutoka Chicago, kuanzia mwaka 1936 lilijitengenezea lenyewe magari 60 ya kusambaza bidhaa, kwa kuwa lilijua kila mtaa yanakokwenda na jioni yote yalirudi kulala sehemu moja yakachajiwa. Mwenye magari mawili hana mafundi wa kutosha kufanya hivyo. Mwenye kumi, ambaye daftari lake linaonyesha kwamba kwa mwaka mzima hakuna hata moja lililolala kwa kukosa mzigo, apige hesabu ya kununua sita na kuendelea kukodi manne, ili siku za sikukuu na za ubovu zibaki kuwa shida ya mtu mwingine.